Sauti ya vugo inaachana na picha, na slow motion inaruka-ruka: naomba msaada

binti_langoni

Asalam aleikum wenzangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi upande wa wanawake. Huko mpiga picha mwanamume haingii, kwa hivyo kazi ipo. Kuhariri nimejifundisha kwa masomo ya YouTube, sina mwalimu mwengine. Natumia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, lile toleo la bure, kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8.

Kinachonitesa zaidi ni sauti. Nimepiga kwa simu video ya vugo, ile ngoma ya akina mama ya harusini inayoimbwa huku pembe zikigongwa kwa vijiti, na rekoda ndogo nikaiweka karibu na waimbaji. Nikiipanga sauti ya rekoda chini ya picha, mwanzo vinakwenda sawa kabisa. Ikifika nyimbo ya pili, ya tatu, kijiti kishaigonga pembe na mlio bado. Mwishoni ni kichekesho: mama keshashusha mkono, pembe ndiyo kwanza inalia.

Halafu kuna huu mwendo wa polepole. Kwenye somo, mwalimu anashusha kasi hadi asilimia 25 na kijana wa skateboard anaelea hewani, raha tupu. Mimi nikifanya vivyo hivyo kwa mkono wa bibi harusi, picha inaruka-ruka. Nikichagua Optical Flow, chaguo la Resolve la kulainisha mwendo, ndiyo balaa: vidole vinayeyuka kama nta, na maua ya piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, yanahama kutoka kiganjani.

Nimetazama masomo mpaka bando limeniishia. Walimu hawa wote huanza na klipu safi, mchana mweupe, mtu mmoja kasimama. Sijaona hata mmoja aliyefungua klipu ya ukumbi uliojaa akina mama, taa za rangi zinacheza na feni inavuma juu ya maikrofoni. Na zangu siwezi kuziweka hapa mzione, sababu mnaijua. Nielekezeni kwa maneno.

chap_chap001

Dada, CapCut tu, programu ya kuhariri kwa simu. Chukua templeti, tia picha, umemaliza.

binti_langoni

Templeti ya sekunde kumi na tano kwa vugo la usiku mzima? Kaka, wewe hujakutana na mama wa bibi harusi.

fundi_malindi

Waaleikum salaam dada. Rekoda yako haina neno, kinachoyumba ni simu. Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video. Umeiambia 30 kwa sekunde, lakini mwanga ukipungua au simu ikipata moto inatoa pungufu, kisha inarudi juu. Ikichezwa kwenye simu yenyewe huoni kitu, maana inajua kila fremu ina muda wake. Programu ya kuhariri inataka fremu zinazokwenda kwa hatua moja, ndipo sauti na picha zinapoachana.

Pakua HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, ni ya bure. Kwenye sehemu ya Video, pale pa Framerate, weka 30 na uchague Constant Framerate, usiache Same as source. Pitisha klipu zote humo kwanza. Kisha fungua mradi mpya kwenye Resolve na uweke fremu 30 kabla hujaingiza klipu hata moja, kwa sababu ukishaingiza, idadi ya mradi inajifunga.

Kupanga sasa. Vugo limekurahisishia. Kwenye filamu mtu hugonga klapa mbele ya kamera ili wapate mlio mmoja mkali wa kuoanishia picha na sauti. Wewe umegongewa pembe usiku kucha. Kuza mchoro wa sauti utaona kila pigo limesimama kama mwiba. Tafuta fremu ambayo kijiti kinaigusa pembe, sogeza mwiba wa kwanza hapo, kisha nenda ukaangalie pigo la mwisho. Ikibaki tofauti ndogo, kata sauti ya rekoda baina ya nyimbo na uipange upya. Vigelegele vitaufunika mkato.

Kuhusu slow motion, kijana wa skateboard bila shaka alipigwa kwa fremu 120. Asilimia 25 ya 120 ni 30, kila fremu ni ya kweli. Zako ni 30. Ukizishusha hadi robo, kila fremu inabidi isimame mara nne, na hapo ndipo panaruka. Optical Flow inajaribu kubuni fremu zilizokosekana, na nakshi ndogo za piko zinaichanganya. Kwa klipu ulizonazo, zipunguze kidogo tu au uache kasi ya kawaida. Safari nyengine piga hina kwa 120, lakini mchana, dirishani. Usiku fremu 120 zinakosa mwanga, na umeme wetu wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde) unazifanya taa nyingi kupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo video itapepesa pia. Kwa klipu za kawaida za usiku, ukiona mistari inapita kwenye picha, weka shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu, iwe sekunde 1/50 au 1/100.

Laptopu ikikwama, kwenye Media Pool bonyeza klipu kulia, Generate Proxy Media (kutengeneza proksi), saizi ya robo. Unahariri kwa nakala nyepesi, na wakati wa kutoa video unahakikisha inatumia zile za asili.

Na masomo usiyatazame kwa uzuri wake, bando halitoshi. Andika shida yako kwenye kisanduku cha kutafutia, usiandike jina la efekti.

bi_shela

Mwanangu, mimi sijui kuhariri, mimi ni wa kutazama. Hizo transisheni za kuzungusha picha zitie kwenye matangazo yako. Vugoni kata pale ubeti unapoisha, usimkate mwimbaji katikati ya neno. Na wanaotunza usimwache hata mmoja. Mtu katoka Pate na noti yake, kaja kumtunza bibi harusi mbele ya watu, halafu kwenye video hayumo? Simu utakayopigiwa hiyo!

binti_langoni

Shikamoo Bi. Nimecheka, lakini ni kweli tupu, zile simu nazijua.

Kaka Malindi, klipu ya kwanza imetoka HandBrake na pembe zinalia pale pale zinapogongwa, hadi mwisho. Ahsante sana. Nina neno moja: wenyewe wamenitaka nikishawakabidhi video nifute kila kitu. Folda ya klipu nikiifuta imetosha?

fundi_malindi

Haitoshi dada. Proksi ni nakala kamili, sura zote zimo, ila ndogo, na zinakaa folda yao pengine. Futa hizo, na zile zilizotoka HandBrake. Ndani ya Resolve nenda Playback, Delete Render Cache, All, ufute na vipande vya video ilivyojihifadhia. Kwenye simu angalia kama picha hupanda mtandaoni zenyewe. Kama ndiyo, zifute huko na uizime kabla ya harusi ijayo. Kisha mwaga pipa la taka, la laptopu na la simu.

binti_langoni

Kwenye simu ilikuwa imewashwa. Nimeizima, sasa nafuta za huko juu.