Hiace ya petroli imenoki, nataka kufunga injini ya 3L ya dizeli. Kadi ya gari naibadilishaje?

Mchuuzi wa Nyanya
Wakuu, habari za mchana. Nina Hiace ile ya kizamani, kadi inasoma injini 1RZ, cc 1998, petroli, namba za njano. Wiki mbili zilizopita napandisha mlima wa Kitonga kufuata nyanya Ilula, mshale wa temperecha ukaanza kupanda, nikajipa moyo kwamba nitafika juu. Sikufika. Fundi kafungua: pistoni mbili zimekwama, silinda hedi imepinda. Anasema ovahoo hapo ni kutupa hela.

Nimepata 3L ya mtumba Dar, ipo na gia boksi yake. Muuzaji anataka milioni 4.2 bila risiti. Nikitaka risiti bei inapanda. Fundi ananiambia nichukue hiyo ya bila risiti, eti injini ni spea kama taa. Aliyenitia wasiwasi ni mke wangu, kaniuliza swali moja tu: "Siku ukitaka kuliuza je?" Nikakosa la kusema. Naomba mnijuze sheria inataka nini, na naanzia TRA (mamlaka ya mapato) au polisi?

Dereva Mstaafu
Mkuu unajisumbua bure. Injini ya Hiace iko chini ya kiti. Mimi nimetembea miaka mitatu na injini ambayo haipo kwenye kadi, hakuna trafiki aliyewahi kuninyanyulia kiti. Funga, tia mafuta, ondoka.

Fundi Dizeli
Mzee wangu hapo juu, shikamoo, ila usimpoteze kijana. Hiyo Hiace haihitaji kunyanyuliwa kiti. Namba yake ya chesisi inaanza na RZH, na hiyo RZ ndiyo familia ya injini iliyozaliwa nayo. Za dizeli zinaanza na LH. Sasa trafiki anashika kadi imeandikwa petroli, na gari mbele yake linagonga ka-ka-ka-ka na kunuka dizeli. Hapo hata mwanafunzi wa udereva anajua.

Kwa upande wa kufunga, mwana, umechagua vizuri. Hiace ya umbo hilo ilitoka kiwandani na 1RZ, 2L, 3L na 5L, kwa hiyo mabano ya injini yanapatikana, huna haja ya kuchomelea vyuma vya kubuni. Lakini usisahau tangi: lioshwe, kisha uweke na mpira wa kurudishia mafuta, dizeli inayobaki kwenye pampu na nozeli lazima irudi tangini.

Binti wa Forodha
Kaka Mchuuzi, pole na Kitonga. Jibu la swali lako: vyote viwili, ila polisi wanatangulia.

Kadi ya gari inatolewa na TRA kama msajili wa magari, kwa sheria ile ya Sura 124. Kinachoandikwa pale, yaani namba ya injini, cc, mafuta, rangi, kikibadilika mwenye gari anatakiwa kumjulisha msajili. Ukishafunga injini unalipeleka gari kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani. Analikagua na kuandika ripoti. Ripoti hiyo, kadi halisi, barua ya maombi na nyaraka za injini unapeleka TRA. Malipo ni kwa kontroli namba, usimkabidhi mtu hela mkononi. Kwako wewe inabadilika mistari mitatu: namba ya injini, cc (3L ni 2779) na aina ya mafuta.

Wengi wanakwama kwenye nyaraka za injini. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyoandikwa "spea 1" haikusaidii kitu. Mwambie muuzaji aandike namba ya injini yenyewe kwenye risiti, na akupe nakala ya tansadi, yaani hati ya forodha, ya mzigo ulioileta. Akigoma, jiulize anaogopa nini. Risiti unayoikwepa leo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha hiyo injini.

Dereva Mstaafu
Marahaba fundi. Lakini binti, cc zikivuka 2500 si kodi ya kila mwaka inapanda? Mbona hamumwambii?

Binti wa Forodha
Shikamoo mzee. Ile ada ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye lita ya mafuta. Sasa hivi unailipa kila ukisimama sheli, cc zako ziwe ngapi.

Mama Wawili
Naomba niongeze la bima, maana limenikuta. Gari yetu ndogo ilibadilishwa injini na marehemu mume wangu, hakupeleka taarifa popote. Iligongwa, na tulikuwa na bima kubwa. Mtu wa bima alikuja na tochi, akasoma namba kwenye bloku, akasoma kadi, akafunga daftari lake. Miezi saba tunazungushwa, na mwisho tulichopata hakikufika hata nusu. Kadi mpya ikitoka, kaka yangu, siku hiyo hiyo peleka nakala kwa wakala wako wa bima.

Mtu wa Nairobi
Hata huku kwetu ni hivyo hivyo, tofauti ni majina. Msajili wa magari ni NTSA, na kadi ya gari tunaita logibuku. Unaomba kubadilisha maelezo ya gari mtandaoni, unaambatisha stakabadhi za injini, halafu gari linaenda kukaguliwa, mimi langu nilipeleka Likoni Road. Ushauri wangu: injini iliyokufa usiiuze kwa wa vyuma chakavu bila karatasi. Namba yake bado iko kwa jina lako hadi mabadiliko yaingie.

Fundi Dizeli
Na kabla hujatoa hata mia, isome hiyo namba kwa macho yako. Imechongwa kwenye bloku, mara nyingi imefunikwa na grisi na kutu. Brashi ya waya na dizeli kidogo vinatosha. Ukiona pamesagwa na jiwe la mashine, au herufi moja imekaa upande kuliko wenzake, ondoka bila kuaga.

Mchuuzi wa Nyanya
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Jana nilikwenda na brashi yangu. Muuzaji alikubali risiti kwa kuongeza laki tatu, akatoa na nakala ya tansadi, nikaona mambo yameiva. Nikaanza kusugua. Ikatokea 3L, kistari, halafu tarakimu mbili za kwanza zinasomeka vizuri, zilizobaki pamelainika kama pamepigwa msasa. Nikamwita aangalie. Akasema ni kutu. Kutu gani inakula tarakimu tano na kuacha mbili?

Nimeiacha. Kuna duka lingine wana 3L mbili, moja haina gia boksi. Jumatatu nakwenda na brashi. Fundi Dizeli, ile gia boksi ya 1RZ inaweza kukaa kwenye 3L au nisihangaike?

Fundi Dizeli
Usihangaike. Chukua yenye gia boksi yake.