Fimbo ya maikrofoni ya nyuzi za kaboni kwa safari

Mnasa Sauti, Goma
Ndugu zangu, salamu. Ninarekodi nyimbo ambazo wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, huimba usiku ziwani Kivu, wakiwa katika mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Fimbo yangu ya alumini inachosha mikono, tena haiingii katika mfuko ninaoubeba mgongoni nikipanda pikipiki. Ningependa kujitengenezea nyingine ya nyuzi za kaboni, inayofikia karibu mita 2 ikifunguliwa na isiyozidi sentimita 60 ikikunjwa. Nianzie wapi?

Fundi, Bukavu
Ndugu, anzia kwenye ukakamavu wa fimbo, kisha ufikirie uzito. Chukua mabomba manne ya sentimita 55, yenye ukuta wa milimita 1 na vipenyo vya nje vya milimita 25, 22, 19 na 16, ili yaingiane. Ukiacha sentimita 8 za kupishana katika kila kiungo, utapata sentimita 196. Kaboni hiyo yote itakuwa na gramu 220 hivi, ilhali alumini ya vipimo hivyo hivyo ingekaribia 370. Bomba nene likae mkononi, kwa sababu hapo ndipo mzigo wa maikrofoni unapoipinda fimbo zaidi, na bomba la 25 hustahimili kupindwa karibu mara nne ya lile la 16. Nafasi ya nusu milimita inayobaki kati ya mabomba uijaze kwa pete za plastiki, la sivyo viungo vitagongana na mgongano huo utasikika katika rekodi.

Unapokata, tumia msumeno wa meno madogo, lowanisha bomba na uvae barakoa. Vumbi la kaboni ni baya kwa mapafu.

Mama Kamera, Goma
Naongeza mawili. Kichwa cha alumini kinachoshika maikrofoni kigundishwe kwa epoksi inayokitenganisha kabisa na kaboni, kwani vikigusana penye unyevu alumini huliwa. La pili ni zito zaidi: kaboni hupitisha umeme, na mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi mara nyingi zaidi duniani. Mwanangu, ukisikia ngurumo ukiwa ziwani, ishushe fimbo mara moja, hata kama wimbo ndio kwanza unanoga.

Mnasa Sauti, Goma
Asante, Mama, asante, Fundi. Waya upite ndani?

Fundi, Bukavu
Hapana, ndani utagonga kuta. Uzungushe kwa nje, uufunge kwenye kila kiungo, na uache kitanzi kidogo nyuma ya maikrofoni.