Wauza samaki wa mapambo wa Dar, acheni kutudanganya kuhusu maji ya kisima

Wakuu, nina hasira na sifichi. Maduka ya samaki wa mapambo hapa Dar yanauza samaki na uongo kwa pamoja. Ukiuliza maji gani uweke kwenye tangi, jibu ni lile lile: "Kaka, kama una kisima umemaliza. Maji ya kisima hayana dawa, jaza tu." Mteja anarudi nyumbani na furaha yake, anajaza, anamimina samaki, na baada ya muda mfupi anaopoa maiti.

Hilo la dawa ni kweli. Maji ya bomba ya Dar kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu, yanasafishwa na kutiwa klorini, na klorini inaunguza matamvua ya samaki. Kisima hakina klorini. Lakini kukosa klorini si ushahidi kwamba maji ni salama, na muuzaji aliyekaa kwenye biashara hii miaka anajua hivyo vizuri kabisa.

Nilinunua neon tetra kundi zima, pamoja na gapi na moli. Nikamwambia muuzaji wazi kwamba nakaa Kigamboni, natumia kisima kifupi cha nyumbani, na maji yake sabuni inakataa kutoa povu. Hakuuliza swali hata moja. Akafunga mfuko, akanielekeza niuache uelee kwenye tangi dakika 15 halafu niwaachie samaki. Neon walikwenda juu, midomo ikichungulia nje ya maji, matamvua yanapiga haraka haraka, rangi yao ya buluu imefifia kabisa. Walikufa wote. Gapi na moli wako hai mpaka leo na wanazaana.

Niliporudi kulalamika nikaambiwa nimewalisha kupita kiasi. Kisha nikauziwa chupa ya dawa ya buluu, "ya kutibu fangasi". Fangasi ipi? Samaki wa aina moja wafe wote, wa aina nyingine wasikohoe hata kidogo, tangi moja, chakula kimoja! Yeyote anayejua kazi yake angeshuku maji papo hapo. Neon tetra asili yake ni vijito vya Amazoni, maji laini yenye asidi kidogo. Gapi na moli wanapenda maji magumu, yale yenye madini mengi ambayo sabuni haitoi povu, na moli anavumilia hata chumvi. Hayo ni mambo ya darasa la kwanza la ufugaji huu.

Na hiyo dawa ya buluu, methylini bluu, ina madhara ambayo hawakutaji. Inaua pia bakteria wa kwenye filta, wale wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa naitraiti, kisha naitreti. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye tangi jipya. Ukiwaua, samaki waliosalia wanaanza kulewa amonia, na wewe unarudi dukani kununua dawa nyingine. Biashara inakwenda.

Kilichonikera zaidi ni hiki. Safari ile ya kulalamika nilipita nyuma ya duka. Kuna mapipa yamejaa maji ya bomba, mpira wa pampu ya hewa umetumbukizwa ndani, mapovu yanapanda. Nikamuuliza kijana wa pale, akasema maji hayaingii kwenye matangi ya duka kabla hayajalala humo. Kwa hiyo mnajua! Samaki wenu mnawatayarishia maji, wateja mnatuambia tujaze tu.

Sasa niseme yale ambayo duka lilipaswa kuniambia, maana najua wengine humu wako njiani kununua.

Maji yakitoka ardhini mara nyingi yana oksijeni kidogo na gesi ya kaboni dioksidi nyingi. Ukipima pH, yaani kipimo cha asidi, pale pale yanapotoka unaweza kupata 6.5, ukayapiga hewa usiku kucha gesi ikatoka, asubuhi yakasoma 7.8. Samaki uliyemwingiza jioni ameamka kwenye maji mengine. Na pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu inaongezeka karibu mara 10, hata kama amonia yenyewe haijaongezeka. Ndiyo maana maji ya kisima yalazwe kwenye pipa na pampu ya hewa saa 24 kwanza, kisha ndiyo yapimwe.

Kuna chuma. Maji yanatoka meupe kabisa, yakikaa na hewa yanageuka rangi ya kutu. Mimi sponji ya filta yangu niliikamua ikatoa uji wa kahawia kama udongo. Uchafu huo unaganda pia kwenye matamvua. Maji yakishapigwa hewa na kutulia, chuma kinashuka chini, unachota ya juu tu.

Kuna chumvi. Ukanda wa pwani ya Dar, visima vifupi vinavutwa sana na maji ya bahari yanasogea chini kwa chini. Na hapa msiseme "Kigamboni maji mabaya" mkaishia hapo. Kigamboni hiyo hiyo kuna visima virefu vya Kimbiji, kina cha mamia ya mita, vilivyochimbwa kwa ajili ya maji ya jiji. Kisima cha jirani hakikuambii chochote kuhusu chako. Ukinunua maji ya boza ndiyo balaa kabisa, leo limechota hapa, kesho kule.

Kuna vyoo vya shimo. Hili watu hawapendi kulisikia, lakini mitaa yetu imebanana, choo na kisima viko hatua chache. Naitreti ya kinyesi inapenya. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwa maji ya kunywa, na wafugaji wengi hawataki tangi lipite 40. Kama maji yako yanatoka kisimani tayari yamefika huko, unabadilisha maji kila wiki ukidhani unasafisha, kumbe unaongeza.

Na zile dakika 15 za kuelea kwa mfuko zinasawazisha joto peke yake. Ugumu na pH havisawazishwi na plastiki. Weka samaki na maji yao kwenye ndoo, vuta maji ya tangi kwa mpira mwembamba wa hewa uliofungwa fundo, yadondoke tone tone kwa saa nzima. Mpira huo mnauza nyinyi wenyewe dukani! Kumwelekeza mteja kungewagharimu nini?

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya kupokea hela, uliza: unatumia maji gani? Chovya kijiti cha kupimia kwenye chupa ya maji aliyokuja nayo mteja, angalia pH, ugumu na naitreti, kazi ya dakika mbili. Ukiona maji magumu, mwambie ukweli: chukua gapi, moli, platy, au sikilidi wa Tanganyika ambao ziwa lao lina pH ya karibu 9, waache neon na diskasi wanaotaka maji laini. Utauza vile vile, na mteja atarudi kununua wengine badala ya kurudi na mfuko wa maiti.

Nyongeza: Mkuu wa Arusha uliyeuliza hapo chini kama kuchemsha maji kunaondoa madini ya floridi, jibu ni hapana. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo inazidi kuwa kali. Visima vya kuzunguka Mlima Meru vina floridi na magadi kwa sababu ya miamba ya volkano, na pH yake huwa juu. Ukitaka samaki wa maji laini huko, kinga maji ya mvua kwenye paa safi, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi, kisha changanya na ya kisima kidogo kidogo huku unapima. Usitumie ya mvua peke yake, hayana madini ya kushikilia pH, nayo inaweza kuporomoka.

Na wewe unayesema "samaki wa mapambo tu, unapiga kelele": nimelipa hela yangu kwa viumbe hai na nikapewa maelekezo ya kuwaua. Nitaendelea kupiga kelele. Wenye visima Mbezi, Tegeta, Mbagala na kwingineko, wekeni hapa vipimo vyenu na samaki mnaofuga, ili anayekwenda dukani kesho asitegemee mdomo wa muuzaji.