Picha nyeusi-nyeupe: studio, printa yenye wino wa kijivu au Piezography?

Kivuli_Nakuru: Wakuu, nina picha za wazee wa Bondeni nataka kuzitundika ukutani, nyeusi na nyeupe. Studio niliyojaribu hapa mjini husafisha kwa karatasi ya rangi, zinatoka na ukijani. Kuna printa ya Epson L8180 yenye wino wa kijivu. Kuna pia Piezography: unatoa wino wote wa rangi kwenye printa, unajaza vivuli vya kijivu vitupu. Hilo jasho linalipa?

Dunga_Lenzi: Mashine ya rangi huunda kijivu kwa kuchanganya samawati, majenta na manjano. Mizani ikiyumba kidogo tu, kijivu kinaegemea upande. Na wino mwingine hubadilika kwa mwanga: dirishani picha ni safi, chini ya balbu imekuwa zambarau. Epson walipotoa printa ya R2400 mwaka 2005 waliweka weusi wa ngazi tatu kupunguza tatizo hilo, na modi yao ya nyeusi-nyeupe hutumia rangi kiduchu tu. Mimi nachapa hivyo wavuvi wangu kwenye karatasi ya pamba. Inanitosha.

MamaPicha_Kakamega: Inakutosha kwa sababu hujaziweka mbili kando kwa kando! Piga msitu wetu asubuhi yenye ukungu, uchape kwa kijivu kitupu kwenye karatasi isiyong'aa. Ukungu unapanda polepole hadi weupe, bila vidoti, na gizani chini ya miti bado unaona majani.

Fundi_Section58: Mama, uzuri sikatai. Lakini printa hiyo haitachapa rangi tena, wino unaagizwa Marekani, na pigmenti, zile chembe za rangi ndani ya wino, hutuama chini zisipotikiswa. Printa ikikaa wiki kadhaa bila kazi, kichwa chake cha kuchapia kinaziba. Hizo ndizo ninazoletewa kila mara. Kivuli, unachapa mara ngapi?

Kivuli_Nakuru: Maonyesho tu, mara moja kwa mwaka.

Fundi_Section58: Basi achana nayo. Hata L8180 itakulalia bure.

MamaPicha_Kakamega: Kwa mara moja kwa mwaka, hapo nakubali. Ila usihukumu picha kabla haijakauka, na uiangalie chini ya taa ileile itakayotundikwa.

Kivuli_Nakuru: Dunga, nikikutumia faili moja utanichapia A3 nilinganishe na ya studio?

Dunga_Lenzi: Tuma. Karatasi ya pamba ununue wewe, si bei ya sukuma wiki.