Kaungua na kostiki soda jana, leo hasikii maumivu, tuache tu?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri wa haraka. Mdogo wangu anatengeneza sabuni za miche hapa nyumbani, jana jioni alikuwa anakoroga kostiki soda kwenye ndoo ikamrukia mkononi toka kiganja hadi karibu na kiwiko, akajifuta na kitambaa akaendelea na kazi maana alisema inawasha tu, usiku ndo ikaanza kuuma kwelikweli jirani akampaka dawa ya meno. Leo katikati pamekuwa peupe, pakavu, ukigusa hasikii kitu, pembeni kuna malengelenge. Mwenyewe anasema kapona kwa vile haimuumi. Nimpeleke hospitali au ninunue tu dawa ya kupaka?

Kisiki: Pole mkuu. Kostiki inakatwa na limao au siki, mmwagie itapoa.

nesi_wa_zamu: Kisiki ndugu yangu hapana, limao ikikutana na kostiki inatoa joto lingine juu ya kidonda. Mleta uzi mpeleke leo hii. Hiyo ya kutosikia maumivu ndo inanitisha, maana yake imezama hadi mishipa ya fahamu imeungua. Asidi ya betri mara nyingi inagandisha ngozi juu, lile gamba linaizuia kidogo isishuke, ila kostiki inayeyusha mafuta na nyama, kile inachofanya kwenye ndoo ya sabuni ndo inafanya mkononi mwake, na inaendelea kuzama masaa kibao kama haijaoshwa vizuri. Kiganja, viungo, uso na sehemu za siri hata pakiungua padogo ni hospitali. Mvue pete kabla mkono haujavimba, osheni hiyo dawa ya meno kwa maji ya bomba, msipake kingine. Huko waulizeni sindano ya pepopunda. Ngozi iliyokufa wataiondoa, ikiwa imeenda chini sana anaweza kuhitaji kupandikizwa ngozi.

mleta uzi: Asante sana nesi, navaa viatu hapa. Jana alitakiwa afanyeje?

nesi_wa_zamu: Maji mengi yanayotiririka palepale, angalau dakika 20 na kwa kostiki hata zaidi, huku anavua nguo iliyolowa. Ikiwa ni ya unga, unaipangusa kwanza ndo unaosha. Ikiingia jichoni ni nusu saa ya kuosha kisha mbio hospitali, jicho linaweza kupofuka.

MamaMiche: Na jamani kostiki ndo inatiwa kwenye maji kidogo kidogo, SIO maji kwenye kostiki, ukigeuza inachemka ghafla inaruka. Glavu ndefu na miwani lazima. Msiihifadhi kwenye chupa za maji ya kunywa, nawaombeni, na mtoto akinywa msimtapishe, ikirudi inaunguza koo mara ya pili.

fundi_zege: Nesi na saruji je? Juzi nimepiga magoti kwenye zege bichi siku nzima suruali imelowa, sa hivi magoti yamekuwa meusi yanatoa maji.

nesi_wa_zamu: Fundi saruji mbichi ni kundi moja na kostiki, inaunguza polepole bila mtu kushtuka. Meusi ni kidonda kilichozama ndani hicho, nenda nawe leo.