DNA ya zinki haitokei: shida ni bafa?

Kisauni_Kemia: Wadau, najaribu kutengeneza DNA ya zinki, yaani DNA yenye ayoni za zinki ndani ya jozi za besi zake. Nimetumia DNA ya lambda (kirusi cha bakteria), kloridi ya zinki milimola 0.2, bafa (mmumunyo wa kutuliza pH) ya Tris milimola 10 yenye EDTA milimola 1, pH 7.5. Ethidiamu, rangi inayong'aa ikijipenyeza kwenye DNA ya kawaida, bado inang'aa vilevile badala ya kufifia. Nakosea wapi?

MwanaTudor: Mwizi ni hiyo EDTA, ndugu. Inanyakua zinki yote kabla haijafika kwenye DNA. Tumia Tris tupu, pH 8.5 hadi 9. Zinki hukaa mahali pa protoni ya imino (hidrojeni iliyo kwenye nitrojeni ya besi) ya guanini na thimini, na kwa 7.5 protoni hiyo haibanduki. Fosfeti usiguse kabisa, utaona unga mweupe chini ya kichupa. Mng'ao ukishuka, tia EDTA: ukirudi, ulikuwa na DNA ya zinki kweli.

Bi_Nano: Na ukifika kupima kama inapitisha umeme kati ya elektrodi za dhahabu, jihadhari na unyevu wetu huu wa pwani. Utando wa maji juu ya chipu hupitisha ayoni, ukadhani ni DNA inayopitisha umeme. Pima ndani ya nitrojeni kavu, ukianza na chipu isiyo na DNA.

MwanaTudor: Naam. Waya wa fedha wa Braun na wenzake, 1998, ni kitu kingine: pale DNA ni kiunzi tu cha kushikilia fedha, na fedha ndiyo inayopitisha umeme.