Tarehe 1 Agosti ni fete (sikukuu) ya wazazi kwetu tu, ao dunia yote?

Mama wa Katuba

Jambo yenu bandugu. Niko na swali na nataka jibu ya kweli ju nitaipeleka kwa batoto kesho kutwa.

Hapa Lubumbashi munajua namna tarehe 1 Agosti inapitaka, asubuhi mapema jembe, fagio na ndoo ya maji, tunaenda kwa makaburi kupalilia na kusafisha, kisha tunarudi nyumba, bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo), kuku kama iko, na wazazi bale bangali bazima tunabavalisha kikwembe mupya. Mwaka huu ni mara ya kwanza naenda kwa kaburi ya baba, alitutoka mwezi wa tatu.

Sasa mwaka jana siku ile ile mutoto wa yaya yangu (ndugu yangu mukubwa), anasomaka Lausanne, alitutumia video ya usiku: baruti inapasuka hewani, mioto mikubwa inawaka kwa vilima, batu banatembea na bendera na taa za karatasi. Kijana wangu wa miaka 9 akapiga kelele, "mama, angalia, bale nabo banafete wazazi babo!" Baba alikuwa amekaa pale, akamusikia, akafurahi sana, akamuambia ndiyo mwanangu, dunia yote siku moja. Tangu pale kijana anaamini vile, na naona anaishikilia ju ni neno ya babu yake. Mi naogopa kumudanganya, naogopa tena kumuvunja roho. Kule Uswisi banafete nini? Na kama ni kintu ingine, ju ya nini ianguke paka tarehe moja na yetu? Kuna inchi zingine?

Mwalimu_Kampemba

Mama, pole sana kwa msiba wa baba, mwaka wa kwanza ndio mugumu.

Mioto ya Uswisi ni ya taifa lao. Kuna karatasi ya mapatano ya mwaka 1291, watu wa mabonde matatu, Uri, Schwyz na Unterwalden, waliapa kusaidiana kama adui akikuja. Na ile karatasi haiandiki tarehe 1 hata kidogo, inasema tu mwanzo wa mwezi wa Agosti. Ni 1891, walipotaka kufete miaka 600, ndipo walichagua tarehe 1. Konje (siku ya mapumziko) yenyewe kwa inchi nzima ni ya juzi, walipiga kura 1993, ikaanza 1994.

Lakini ile ningependa kijana wako aijue zaidi ni ya Jamaika, Barbados, Trinidad na Tobago na visiwa vingine kule Karibea, vile vilikuwa koloni za Waingereza. Sheria ya kumaliza utumwa ilipita London 1833 ikaanza kazi tarehe 1 Agosti 1834, na watumwa walikuwa karibu 800,000, na wengi kati yao ni watoto na wajukuu wa watu waliotolewa huku Afrika, hata pande zetu za Kongo. Sasa sikia ubaya wake: siku ile, kwa visiwa vingi, walioachiliwa kabisa ni watoto wa chini ya miaka 6 tu. Wakubwa waliambiwa wabaki "wanagenzi" kwa bwana wao yule yule, kazi ileile bila mushahara kwa saa nyingi za juma, na serikali ikatoa pauni milioni 20 kulipa mabwana, watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Ni tarehe 1 Agosti 1838, miaka mine kisha, ndipo uhuru ulifika kweli. Usiku ule kule Falmouth, Jamaika, kwenye kanisa la Wabatisti la William Knibb, watu walikesha, wakachukua mnyororo, mjeledi na kola ya chuma ya shingoni, wakatia ndani ya sanduku la maiti, wakazika. Yaani nao walikuwa na maziko tarehe 1 Agosti mama. Kila mwaka nikifundisha hii, darasa linanyamaza.

Trinidad na Tobago waliifanya konje ya taifa 1985, wakaondoa ile siku ya kusifu Columbus.

Tena usisahau Benin. Iliitwa Dahomey, ilipata uhuru 1 Agosti 1960, mwezi mmoja tu kisha yetu ya 30 Juni.

Hesabu_Ruashi

Mama pole. Mimi nitajibu ile ya "ju ya nini".

Umoja wa Mataifa iko na inchi 193, na kila moja iko na konje zake nyingi, na mwaka haupiti siku 366. Lazima zigongane. Jaribu hii na bana kwa nyumba: ukikusanya watu 23 tu, zaidi ya nusu ya nafasi kuna wawili wamezaliwa tarehe moja. Watu hawaaminike lakini hesabu inatoka vile kila mara, mi naifanyaka darasani. Kwa hiyo hakuna siri, ni bahati ya namba.

Na wazazi wenyewe wanafetiwa tarehe mbalimbali. Umoja wa Mataifa iliweka 1 Juni, Korea ya Kusini ni 8 Mei na watoto wanabandika mama na baba ua la karafuu jekundu kifuani, Marekani ni siku ya Mungu (Jumapili) ya ine ya mwezi wa saba. Kijana aambiwe vile.

Mwalimu_Kampemba

Ndugu Hesabu, namba nakubali, lakini si bahati yote. Angalia Agosti ya 1960, baada ya Dahomey tarehe 1, Niger tarehe 3, Haute-Volta ambayo leo ni Burkina Faso tarehe 5, Côte d'Ivoire 7, Chad 11, Centrafrique 13, jirani zetu wa Brazzaville 15, Gabon 17. Hiyo haikuanguka toka mbinguni, watu walikaa na Wafaransa mezani wakapanga. Na sheria ya watumwa nayo ilianza mwanzo wa mwezi. Waswisi nao karatasi yao ilisema mwanzo wa mwezi. Tarehe 1 inavuta mambo.

Hesabu_Ruashi

Sawa mwalimu, hapo nakubali. Ile ya Agosti 1960 sikuwahi kuipanga hivyo kichwani.

Dada wa Bukavu

Mama pole sana, Mungu amupumzishe mzee. Huku Bukavu nasi tunaenda makaburini tarehe 1, lakini kwetu siku haiishi pale, inaendelea kesho yake. Tarehe 2 Agosti ndiyo ya Genocost, siku ya kukumbuka Wakongo waliouawa vitani, ju 2 Agosti 1998 vita ya pili ilianzia huku mashariki, na kuna familia nyingi ambazo hazina kaburi la kupalilia, hawajui hata watu wao walilala wapi. Wale tarehe 1 wanakaa nyumbani tu, tarehe 2 ndiyo wanatoka na mishumaa.

Na tarehe ile ile 2 Agosti kule Ulaya wanakumbuka watu wa kabila la Roma (si watu wa mji wa Roma, ni kabila), ju usiku wa 2 kuamkia 3 Agosti 1944 Wanazi waliua maelfu yao kule Auschwitz-Birkenau, wazee, wanawake na watoto. Bunge la Ulaya liliikubali siku ile 2015, miaka 71 kisha. Mimi nilipoisoma nililia, ju najua kungoja kule ni nini.

Yaya_Kenya

Mimi ni wa komini Kenya hapa hapa Lubumbashi. Parokia yetu ilikuwaka na padiri wa Poland, mzee, na kila tarehe 1 Agosti, kama watu wamesharudi toka makaburini, saa kumi na moja jioni alikuwa anasimama peke yake kwa uwanja, hasemi na mutu, dakika moja. Siku moja nilimuuliza. Akaniambia 1 Agosti 1944 saa kumi na moja ndipo watu wa Warsaw walianza kupigana na Wajerumani, walipigana siku 63, wakashindwa, raia karibu 200,000 wakafa na mji ukabomolewa. Mpaka leo saa ile ving'ora vinalia kule, magari yanasimama katikati ya barabara, watu wanashuka na kusimama. Na saa yao ya wakati wa joto ni sawa na yetu ya Lubumbashi, hakuna tofauti hata dakika.

Mama wa Katuba

Aksanti sana bandugu, sikutegemea mutaniandikia yote hii. Nimesomea kijana kila kintu leo mangaribi. Ile ya Uswisi ilimuuma kidogo, kisha akanyamaza, akauliza, "kwa hiyo babu alikosea?" Nikamuambia kwa wazazi alikosea, lakini kule Jamaika walizika mnyororo, na kule Poland banasimamia batu babo bale balikufa, na Bukavu batu banawasha mishumaa kesho yake. Akasema basi babu alikosea kidogo tu.

Anataka tuchelewe kwa makaburi kesho kutwa, tukae paka saa kumi na moja. Nimekubali. Nitabeba bukari ndani ya termosi.